Kumnyima adui bahari: maana yake, na inavyofika hadi Dodoma

Anayetawala bahari hupita anapotaka na kumzuia asiyemtaka. Kumnyima adui bahari ni hatua ya chini ya hapo: huenda wewe mwenyewe huwezi kupita kwa uhuru, ila unahakikisha na mwenzako hapiti bila kuumia. Zamani hata hilo lilidai nyambizi au mabomu mengi ya kutegwa majini. Teknolojia mpya imelishusha bei, na kwangu mimi hayo ndiyo mabadiliko makubwa ya vita vya baharini vya zama hizi.

Ukraine ilizamisha yenyewe meli yake kuu ya kivita mwaka 2022 ili isitekwe. Ikabaki karibu mikono mitupu. Aprili mwaka huohuo, makombora yake ya Neptune, yaliyorushwa kutoka nchi kavu, yaliizamisha Moskva, meli kinara ya Urusi katika Bahari Nyeusi. Kisha zikaja droni za majini, yaani boti ndogo zisizo na mtu ndani. Magura V5 ina urefu wa takriban mita 5 na nusu na imelala karibu usawa wa maji, hivyo rada huipata kwa taabu. Ina kamera, antena ya setilaiti, na mamia ya kilo za vilipuzi. Mwendeshaji yuko mbali kabisa, macho kwenye skrini, akiisukuma hadi ubavuni mwa meli. Huenda kwa makundi, maana mzinga wa meli hauwezi kuzilenga zote kwa mpigo. Urusi ikahamisha meli zake nyingi kutoka Sevastopol, kituo chake kikuu cha Bahari Nyeusi, na tangu Agosti 2023 meli za mizigo zikaanza tena kutoka bandari ya Odesa ya Ukraine bila idhini ya Moscow.

Wahouthi, kundi lenye silaha la Yemen lisilo na manowari, walifanya jambo kama hilo Bahari ya Shamu kuanzia Novemba 2023, wakishambulia meli za biashara kwa makombora na droni. Hawakuhitaji kuzamisha meli nyingi. Bima ilipanda, wenye meli wakaogopa, wengi wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema.

Sisi wa Dodoma hatuna pwani, lakini ngano tunayo mezani. Tanzania huagiza sehemu kubwa ya ngano yake, na Urusi ni miongoni mwa wauzaji wakubwa. Njia fupi ya shehena hiyo hutoka Bahari Nyeusi, hupita Suez na Bahari ya Shamu, ndipo ifike Dar es Salaam na kupandishwa huku. Bahari zote mbili ziko kwenye njia moja, kwa hiyo mama anayekaanga maandazi Majengo ananunua unga ambao bei yake inaguswa na vita hivyo.

Hata hivyo kunyima kuna mpaka. Droni haisindikizi shehena safari nzima wala haishushi askari ufukweni. Kazi hizo bado zinadai meli, na meli bado ni ghali.