Anga la ikweta si lile la kitabuni: dhana potofu zinazowapoteza watoto wanaotazama nyota

Mtoto wa Morogoro, Kisumu au Bujumbura ana bahati ambayo mwenzake wa Ulaya hana: ukanda wa ikweta huonyesha karibu makundinyota yote 88 ndani ya mwaka mmoja. Lakini picha na maelekezo mengi anayopewa yameandikwa kwa watu wanaoishi mbali kaskazini. Akitoka nje na kukuta anga halifanani na kitabu, hudhani kosa ni lake. Kosa si lake.

"Hilali husimama wima."

Ndivyo vitabu vinavyochora: mwezi mchanga umesimama, tumbo upande wa kulia. Huku kwetu, jioni ya mwandamo, hilali hulala chali kama mashua, na mtoto anayeichora alivyoiona hukosolewa darasani. Sababu ni rahisi. Upande wa mwezi unaong'aa huelekea jua daima. Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, kwa hiyo baada ya machweo liko chini ya mwezi, na mwanga unaupiga kutokea chini. London jua huzama kwa mshazari, ndiyo maana mwanga huonekana ubavuni. Jabari, kundinyota ambalo vitabu vya Kizungu huliita Orion, nalo ni hivyohivyo: vitabuni amesimama, hapa huchomoza amelala ubavu.

Zoezi linalofaa kuliko mihadhara ni hili. Kuanzia mwezi unapoandama, mtoto asimame mahali palepale, saa moja na nusu usiku, kwa siku 14. Achore umbo la mwezi, mti au paa lililo chini yake, kisha apime kimo chake kwa ngumi. Mkono ukinyooshwa, ngumi moja hufunika takriban nyuzi 10, hata ya mtoto, kwa sababu mkono wake nao ni mfupi. Kila siku mwezi utakuwa umesogea mashariki kwa ngumi moja na kidogo. Siku ya saba utakuwa karibu na utosi, na kufikia siku ya 14 utakuwa ukichomoza mashariki wakati jua linazama. Zoezi huharibika kwa mambo mawili: kubadilisha saa, na kuchorea ndani kwa kukumbuka. Siku ya mawingu, nafasi ya siku hiyo daftarini ibaki tupu, asibuni.

"Kwanza tununue darubini."

Darubini ya bei rahisi ndiyo huwakatisha watoto tamaa mapema. Boksi limeandikwa "hukuza mara 525", ilhali lenzi ina kipenyo cha milimita 50. Kanuni ya kukadiria ni kwamba ukuzaji wenye manufaa hauzidi mara mbili ya kipenyo kwa milimita, yaani mara 100 kwa lenzi hiyo. Ukipita hapo unakuza ukungu tu. Stendi yake nayo hutikisika, hivyo sayari hupotea kila mtoto anapoigusa.

Anzeni kwa macho matupu, miezi miwili mitatu. Fedha ikipatikana, tafuteni darubini ya macho mawili iliyoandikwa 7x50 au 10x50, hata iliyokwisha kutumika. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi za mbele. Ili isitetemeke, mtoto aiegeshe juu ya mpini wa fagio aliousimamisha mbele yake. Ataona miezi minne mikubwa ya Mshtarii (sayari ya Jupiter) ikiwa nukta kwenye mstari mmoja. Akiichora usiku tatu mfululizo ataona nukta zimehama, jambo lilelile ambalo Galileo aliliona Januari 1610; Io, ulio karibu zaidi kati ya minne hiyo, huizunguka sayari kwa takriban saa 42. Pete za Zohali (sayari ya Saturn) zinahitaji ukuzaji wa mara 25 na zaidi pamoja na stendi imara. Mwambieni mapema asije akavunjika moyo.

"Tafuta kwanza Nyota ya Kaskazini."

Kwa Nairobi, Kigali au Dar es Salaam nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho, na haitaonekana hata mtafute usiku kucha. Tumieni mkanda wa Jabari, nyota tatu zilizopangana. Ziko karibu kabisa na ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, hivyo huchomoza mashariki barabara na kuzama magharibi barabara. Mwanzoni mwa Desemba, saa mbili usiku, zimeanza kupanda mashariki. Mwanzoni mwa Februari, saa tatu, ziko karibu na utosi. Kusini kunajulikana kwa Salibu, msalaba wa nyota nne. Mwanzoni mwa Juni, saa mbili usiku, husimama wima. Shukeni moja kwa moja kutoka mguu wake hadi ardhini, hapo ndipo kusini.

"Mjini hakuna kitu, na nyota zinataka usiku wa manane."

Mwezi, Zuhura, Mshtarii, Suheli (nyota angavu ya kusini, Canopus) na mkanda wa Jabari huonekana hata Kariakoo, katikati ya Dar es Salaam. Kinachohitajika ni ukuta wa kukinga taa ya barabarani, na dakika 20 hadi 30 macho yazoee giza. Simu ikiwashwa mara moja, hesabu inaanza upya. Tochi ifungwe plastiki nyekundu. Kwa kuwa jioni zetu ni fupi, saa mbili usiku giza limekamilika na mtoto anawahi kulala. Kwa Njia Nyeupe, ule ukanda hafifu wa nyota nyingi, ndiyo mtoke mjini, kati ya Juni na Septemba, usiku usio na mwezi. Nairobi ina mawingu mengi Julai, kwa hiyo huko Januari na Februari ni afadhali kwa nyota.

"Mwezi mpevu ndio wa kutazama." Hapana. Huzima nyota hafifu, na wenyewe hauna vivuli. Makovu yake, yaani mashimo yaliyo usoni mwake, huonekana vizuri siku ya 5 hadi ya 9, kwenye mpaka wa mwanga na giza.

"Agosti, Mirihi itakuwa kubwa kama mwezi." Ujumbe huu hurudi kwenye simu kila mwaka. Hata Agosti 2003, ilipokuwa takriban kilomita milioni 56 kutoka kwetu, ilionekana nukta yenye upana wa karibu sehemu moja ya 70 ya mwezi.

"Kupatwa kwa jua hutazamwa kwa kioo chenye masizi, picha ya eksirei au beseni la maji."

Hivi vyote huunguza macho. Retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, haina neva za maumivu, kwa hiyo mtoto hahisi kitu hadi saa kadhaa baadaye, wakati uoni umeshaharibika. Tarehe 2 Agosti 2027 sehemu ya jua itafunikwa Kenya na Tanzania. Tumieni miwani ya kutazamia jua yenye alama ya kiwango cha usalama ISO 12312-2, isiyo na mkwaruzo wala tundu, au toboeni kadibodi tundu la milimita moja, mgeuzie jua mgongo, na taswira iangukie karatasi nyeupe umbali wa mita moja. Itakuwa na upana wa takriban milimita 9. Darubini isitolewe kwenye mfuko wake hadi jua litakapozama lote.