Oscar Straus hakuwa wa ukoo wa kina Johann Strauss

Hii ya kusema mtunzi wa muziki Oscar Straus ni mtoto au mjukuu wa Johann Strauss, yule mfalme wa walzi (muziki wa dansi ya kuzungukazunguka), imerudiwa miaka na miaka, na kosa lenyewe naelewa linatoka wapi, wote Vienna, wote walzi, wote opereta, yaani michezo mepesi ya jukwaani yenye kuimbwa. Ila hawana undugu wowote. Oscar alizaliwa Vienna 1870 kwenye familia ya Kiyahudi, jina lake lilikuwa na s mbili mwishoni na yeye mwenyewe akaikata moja, makusudi kabisa, ili watu wasimchanganye na ukoo ule.

Na njia yake ilikuwa tofauti. Alisoma muziki Berlin kwa mtunzi Max Bruch, halafu 1901 yuko hukohuko kwenye kabarei (ukumbi wa burudani za nyimbo na vichekesho) ya Überbrettl, anatunga nyimbo na kupiga piano. Opereta yake Ein Walzertraum ya 1907 ndiyo iliyompa jina, mwaka uliofuata akatoa Der tapfere Soldat iliyotokana na tamthilia ya Bernard Shaw, ambaye kwa kweli hakuipenda hata kidogo.

Wanazi walipoichukua Austria 1938 ikabidi akimbie, kwanza Ufaransa, baadaye Marekani, mzee wa miaka karibu sabini huyo. Vita ilipoisha akarudi, akakaa Bad Ischl, mji wa Austria, na 1950 akatunga muziki wa filamu La Ronde, walzi yake ikavuma tena, akiwa na miaka themanini! Alifariki 1954. Kazi yote hiyo ni ya kwake, hakurithi kwa mtu.