"Hata mwanangu angechora hii": dhana potofu kuhusu mchoraji wa sanaa dhahania

Maneno hayo nimeyasikia nikiwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kwenye mchoro wangu wa sanaa dhahania, yaani ile isiyoonyesha vitu halisi. Siyachukii, ila naona yanamfunga macho anayeyasema. Naomba tuyapekue, pamoja na ndugu zake wachache.

"Anamwaga rangi ovyo."

Hapa hutajwa Jackson Pollock, Mmarekani aliyekuwa akitandaza kanvasi sakafuni na kuidondoshea rangi kutoka kwenye vijiti na brashi zilizokakamaa, hasa kati ya 1947 na 1950. Kinachosahaulika ni rangi yenyewe. Alitumia sana rangi za enameli za kupakia nyumba, ambazo hutiririka kama uzi usiokatika; rangi nzito ya kwenye tyubu ingeanguka mabonge mabonge. Uzi huo una tabia zake. Peleka mkono haraka, unanyooka na kuwa mwembamba. Punguza mwendo, unaanza kujikunjakunja wenyewe, kama asali inapomiminwa kutoka juu. Anayezijua tabia hizo huuongoza mstari kwa bega na nyonga, kama mwandishi anavyouongoza kwa vidole.

Franz Kline naye alipiga mistari mizito myeusi inayoonekana kama hasira ya dakika moja. Mingi ilianza kama vichoro vidogo juu ya kurasa za kitabu cha simu, akavikuza baadaye kwa uangalifu mkubwa.

"Hajui kuchora vitu halisi."

Piet Mondrian alichora miti kwa miaka, akiipunguza mchoro baada ya mchoro mpaka ikakaribia kuwa mistari mitupu. Wapo wasiopita njia hiyo, na hawadaiwi chochote. Tuendelee.

"Wazo ndilo kila kitu, rangi ni kibarua tu."

Hii ndiyo inayonigusa zaidi, maana hata wapenzi wa sanaa huiamini. Wanadhani mchoraji huja na picha nzima kichwani, kazi ya mkono ikawa kuinakili tu. Kwangu haijawahi kuwa hivyo hata siku moja.

Chukua kanvasi isiyopakwa rangi ya msingi, uimwagie akriliki iliyozimuliwa kwa maji mengi. Kwanza rangi inasimama juu ya kitambaa kama tone la umande. Kisha nyuzi zinaanza kuinywa, ukingo unatambaa upana wa kidole, unasita, unatulia. Ukikilowesha kitambaa kwanza kwa sponji, ukingo haukai. Unayeyuka kama moshi. Halafu subiri ikauke, kwa sababu uliyoiona siyo utakayoipata. Gundi iliyomo ndani ya akriliki ni nyeupe kama maziwa ikiwa mbichi, na ikikauka inakuwa angavu kama kioo, hivyo rangi inazidi kukoza. Nimewahi kulala nikiwa nimeridhika na buluu ya asubuhi, nikaamka na buluu ya usiku. Niliiacha, na mchoro wote ukageuka kuifuata. Je, wazo hilo lilikuwa la nani?

Helen Frankenthaler alikuwa na miaka 23 tu alipozimua rangi ya mafuta kwa tapentaini na kuimwaga juu ya kanvasi tupu, mwaka 1952. Rangi ikaingia ndani ya kitambaa badala ya kukaa juu yake. Wengine walioiona kazi hiyo walibadilisha namna yao ya kuchora. Yves Klein yeye alihuzunishwa na jinsi unga wa buluu unavyofifia ukichanganywa na mafuta, akatafuta utomvu wa viwandani ambao ungeushika unga bila kuuzima. Mwaka 1960 akaisajili fomula yake nchini Ufaransa. Kwa Klein, kutafuta gundi ilikuwa sehemu ya kuchora.

"Mchoro mweusi hauna kitu."

Pierre Soulages, kuanzia 1979, alifunika kanvasi nzima kwa nyeusi, akiilaza hapa na kuichimba mifereji pale. Sogea hatua moja kushoto: mfereji uliokuwa kiza unang'aa kama fedha. Mwanga ndio uliokuwa rangi yake.

"Akishaweka brashi chini, kazi imekwisha."

Rangi haiachi kuishi. Mark Rothko alichorea Chuo Kikuu cha Harvard michoro mikubwa iliyotundikwa mwaka 1964 kwenye chumba cha kulia chenye madirisha mapana. Ndani ya wekundu wake kulikuwa na rangi iitwayo Lithol Red, ambayo haivumilii jua. Wekundu ukapauka, mahali pengine ikabaki buluu hafifu, na mwaka 1979 michoro ikashushwa. Mwaka 2014 ilionyeshwa tena bila kuguswa kwa brashi: projekta ziliimulika kwa mwanga uliopangwa kufidia rangi iliyopotea, kila kipande kwa kiasi chake. Kila siku saa kumi jioni projekta zilizimwa, na waliokuwepo wakaushuhudia wekundu ukiondoka ukutani mbele ya macho yao.