Sindano ya ganzi ukibadilishiwa goti: maswali na majibu

Hii si ndo ileile ya mgongoni?
Hapana, watu wengi wanachanganya hapo. Ya mgongoni ni ya kukufanya usisikie wakati unapasuliwa, masaa machache baadaye imeisha. Hii inachomwa pajani kwa ndani, daktari wa usingizi anaangalia kwenye ultrasaundi sindano inavyoingia mpaka ifike jirani na mshipa wa fahamu unaopeleka maumivu ya goti, halafu anamwaga dawa pembeni yake, pembeni sio ndani. Mara nyingi ni bupivakaini au ropivakaini.

Maumivu yanaisha yote?
Yanapungua sana lakini hayaishi. Inatuliza zaidi mbele na upande wa ndani, nyuma ya goti bado utasikia, ndo maana wengine wanaongezewa sindano ya huko nyuma.

Inakaa muda gani?
Ya mara moja kama masaa 12 mpaka 24, wakikuachia kamrija kembamba hapo pajani dawa inaendelea kuingia siku 2 au 3. Sasa shida ni kwamba ganzi haiagi. Saa mbili usiku nesi analeta vidonge unasema aah mi siumwi, unalala vizuri, saa nane unashtuka goti linawaka moto na kidonge ukimeza muda huo kinachukua nusu saa au zaidi ndo kianze kazi. Meza kwa saa ulizoandikiwa hata kama husikii kitu.

Naweza kutembea?
Ndio, na watakuinua mapema, pengine siku hiyohiyo. Kuna nyingine inachomwa juu karibu na kinena, hiyo inalegeza msuli wa mbele ya paja, mguu unakunja ghafla mtu yuko chini. Hii ya chini kidogo inakuachia nguvu, ila sio zote. Kabla hujasimama kaa kwanza ukingoni mwa kitanda unyooshe goti, likigoma usisimame, na chooni usiende peke yako (wanaume hapa ndo wabishi!).

Ina hatari?
Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda sema mapema. Ukichomwa ukasikia masikio yanalia, ladha ya chuma mdomoni au midomo kufa ganzi, sema hapohapo, dawa inaweza kuwa imeingia kwenye damu. Mshipa wa fahamu kuumia usipone kabisa ni nadra, lakini siku 2 zimepita tangu sindano au mrija utolewe na mguu bado una ganzi, usisubiri kliniki ya wiki ijayo, piga simu leo.