Mjane wa Elisha hakukopa mbegu

Jumatatu ndiyo siku yangu ya kuonana na washirika hapa Mbagala. Juzi mama mmoja muuza chapati alifungua pochi akaniwekea mezani kadi ya marejesho: kausha damu, ule mkopo wa riba kali, shilingi 300,000. Nikadhani kaongeza mtaji. "Hapana mchungaji, nilipanda mbegu, niliitoa sadaka ili Mungu anizidishie. Niliambiwa yule mjane alitoa cha mwisho, Mungu akamfungulia." Wa ngapi huyu mwaka huu? Nimeacha kuhesabu.

Haya, tusome basi. Wajane wako wawili, na wahubiri wa mbegu huwachanganya makusudi. Wa Sarepta, 1 Wafalme 17, alikuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo. Alitoa kilichokuwemo ndani, hakuingia deni ili atoe. Wala pipa halikufurika. Unga haukuisha, basi, siku baada ya siku wakati wa ukame. Na nabii Eliya, aliyemwomba chakula, alikula humohumo, mkate uleule.

Wa pili, 2 Wafalme 4, ndiye wa kwetu sisi wenye marejesho. Mume amefariki, mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Nabii Elisha hamdai sadaka. Anamuuliza, una nini nyumbani? Chupa ya mafuta. Alichoazima kwa majirani ni vyombo vitupu! Akafunga mlango yeye na wanawe, akamimina mpaka vyombo vikaisha. Kisha mstari wa 7: kauze mafuta, lipa deni, yatakayobaki mtumie wewe na wanao. Nabii kugawiwa hata kijiko, hakuna palipoandikwa.

Nami nikamuuliza mama swali hilohilo. Ana chuma cha chapati, jiko na unga nusu mfuko. Tukaomba, halafu tukatoa kikokotoo. Wengine wananiona sina upako kwa sababu ya hicho kikokotoo. Sawa tu. Mtu akikutajia mstari, soma sura nzima kabla hujashika simu kutuma pesa.

Na mingine ninayoletewa ni hii. "Jisaidie nami nitakusaidia." Haimo kwenye Biblia. Anzia Mwanzo, malizia Ufunuo, hutaikuta.

"Ndege hawapandi wala hawavuni." Ni kweli, Mathayo 6:26, ila pale Yesu anakataza kusumbuka, hakatazi kazi. Luka 12 inawataja kunguru kabisa, na kunguru wa soko la samaki la Feri nawajua: boti za samaki hazijafunga kamba, wao wameshafika.

"Nayaweza mambo yote." Filipi 4:13, utaikuta hata nyuma ya daladala. Paulo aliandika akiwa kifungoni, na mstari wa juu yake unayataja mambo yenyewe: kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Kijana anayeniletea mstari huo ili nimwombee apate gari, nampa Biblia aanzie mstari wa 11, kwa sauti.