Chuma hakimzuii punda kuteleza

Punda akiteleza kwenye kabro, yale matofali ya saruji ya kutandika njia, hapa Lamu lazima utasikia mtu, "mvisheni viatu vya chuma kama farasi wa Ulaya, atashika njia." Jamani sivyo. Chuma kitupu juu ya lami au kabro, haswa mvua ikinyesha, ndio kinateleza zaidi, kwato tupu zilizochongwa vizuri zinashika kukishinda, manake ukingo wake unakwaruza na ile sehemu laini ya pembetatu chini ya mguu inagusa ardhi na kupunguza kishindo. Hao wenye farasi wa kupanda kwenye lami wakivisha chuma huwa wanaongeza vijiti vya tangsteni kabaidi, vigumu kuliko chuma chenyewe, ama wanavisha mpira kabisa. Na hapo pia kuna kiasi, mguu ukinata bila kuteleza hata kidogo nguvu yote inaingia kwenye viungo na kano, mnyama anaumia polepole na wewe huoni. Sasa punda wetu anayebeba mchanga na mawe, wallahi muangalieni kwato kwanza, zikirefuka mbele atajikwaa tu, avishwe asivishwe. Zichongwe kila wiki 6 hadi 10, na siku ya mvua mzigo upunguzwe.