502, 504 na 413: namba zinazoonyesha mfumo umekwama wapi

Mfumo wa wavuti ukigoma, wengi hukimbilia kuwasha seva upya. Hali hutulia kidogo, kisha mambo yanarudi yaleyale kwa sababu chanzo hakijaguswa. Anza na namba ya kosa anayoiona mtumiaji, halafu fungua faili la /var/log/nginx/error.log usome mistari ya saa hiyohiyo. Maelezo haya yanahusu seva ya Ubuntu au Debian yenye Nginx (inayopokea maombi ya watumiaji), PHP-FPM (inayoendesha msimbo wa PHP) na MySQL (kanzidata).

Namba 502 maana yake Nginx imebisha hodi kwa PHP na haikupata jibu linaloeleweka. Ukikuta "Connection refused", kwa kawaida PHP-FPM imezimika. "Permission denied" ni suala la ruhusa: Nginx haiwezi kufungua soketi, yaani faili ambalo kupitia kwake inawasiliana na PHP-FPM. "No such file or directory" hujitokeza sana baada ya kupandisha toleo la PHP, tuseme kutoka 8.1 hadi 8.3, huku Nginx ikiendelea kutafuta soketi ya toleo la zamani. Hapo rekebisha njia ya soketi kwenye fastcgi_pass ndani ya mipangilio ya Nginx, jaribu kwa nginx -t, kisha pakia upya mipangilio.

Namba 504 ndiyo inayosumbua zaidi. PHP iko hai ila haijajibu ndani ya sekunde 60, muda ambao Nginx huja nao. Wapo wanaopandisha fastcgi_read_timeout, yaani muda huo wa kusubiri, hadi 300 wakadhani wamemaliza kazi. Walichofanya ni kumsubirisha mtumiaji dakika tano badala ya moja.

Angalia logi ya PHP-FPM yenyewe. Mstari wenye "server reached pm.max_children setting (5)" unamaanisha wahudumu wote watano (michakato ya PHP inayoshughulikia maombi) wana kazi, na ombi la sita limepanga foleni. Tano ndiyo idadi inayokuja na faili la www.conf, na kwa mfumo wenye watumiaji wengi haitoshi. Lakini usiandike 200 kwa kukisia. Endesha ps -ylC php-fpm8.1 --sort=rss ukiweka toleo lako, usome safu ya RSS, yaani RAM inayotumiwa na kila mhudumu, ambayo iko katika kilobaiti. Kama seva ina RAM ya GB 4, MySQL inatumia GB 1, mfumo endeshi MB 500, na kila mhudumu MB 60, basi MB 2,500 zilizobaki zinatosha wahudumu 41. Weka 35 ubakishe nafasi ya kupumua. Ukizidisha, RAM itaisha na Linux itaua mchakato mkubwa kuliko yote, ambao mara nyingi ni MySQL. Amri ya dmesg -T itakuonyesha maneno "Out of memory".

Hata hivyo, wahudumu kujaa huwa ni dalili tu. Weka request_slowlog_timeout = 5s pamoja na njia ya slowlog (logi ya maombi yanayochelewa), na PHP-FPM itaandika faili na mstari wa msimbo unaochelewa. Ukiishia kwenye hoja ya kanzidata (query), weka neno EXPLAIN mbele yake uiendeshe: safu ya type ikisema ALL, MySQL inapekua jedwali zima, hivyo weka faharasa (index) kwenye safu inayotumika kwenye WHERE, yaani sharti la hoja. Kagua pia vitanzi (loops) vinavyotuma hoja kila mzunguko. Orodha ya wanafunzi 50 inayouliza jina la kitivo kwa kila mwanafunzi hutuma hoja 51, wakati hoja moja yenye JOIN, inayounganisha majedwali mawili, ingetosha.

Sasa 413: faili lililopakiwa ni kubwa mno. Nginx huruhusu MB 1 tu, na picha ya cheti iliyopigwa kwa simu huvuka hapo kirahisi. Ukipandisha kikomo hicho, client_max_body_size, peke yake, utakutana na PHP yenye upload_max_filesize (kikomo cha faili moja) ya MB 2 na post_max_size (kikomo cha ombi zima) ya MB 8. Hii ya mwisho ina hila: ikivukwa, $_POST na $_FILES, ambamo PHP hupokea data ya fomu na mafaili, zinafika tupu, na mtumiaji anaambiwa ajaze jina ambalo alishalijaza. Panga hivi: MB 10 kwa upload_max_filesize, 12 kwa post_max_size, 12 kwa Nginx.

Na uhariri php.ini, faili la mipangilio ya PHP, iliyo kwenye folda ya fpm. Ile ya cli (ya mstari wa amri) ndiyo inayosomwa na amri ya php -i, kwa hiyo terminali inaweza kukuonyesha MB 10 huku tovuti ikiendelea kukataa faili la MB 3.